Vijana wa Kiethiopia wanaokamatwa njiani: kwa nini Tanzania isiwaache wapite?

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji wilayani Handeni. Mara kwa mara tunawakuta vijana wa Kiethiopia wametelekezwa porini au wamejificha kwenye mashamba ya mahindi, hoi kwa njaa, Kiswahili chao ni "maji" tu. Wote wanasema wanakwenda Afrika Kusini. Tunaita polisi, wanapelekwa mahakamani, wanafungwa, wanalishwa kwa kodi zetu, na mwaka unaofuata wanakuja wengine. Kwa nini serikali isiwaache wapite waende zao? Na mimi nikiwapa chakula kabla polisi hawajafika, nimevunja sheria?

Jibu:

Mwenyekiti, nianze na swali lako la mwisho, maana huenda ukalihitaji kesho alfajiri. Kumpa maji na ugali mtu aliyeishiwa nguvu, huku umeshampigia simu mtendaji na polisi, hakukufanyi mhalifu. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inawasaka wanaowaingiza, wanaowasafirisha na wanaowahifadhi huku wakijua hali yao. Kuhifadhi ni kuwaficha wasionekane, kuwapa chumba wakisubiri gari, kuwaongoza njia za panya. Hapo adhabu si ya mzaha. Mahakama zetu zimezoea kumhukumu msafirishaji faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 20, na gari linataifishwa. Kinachokutenga wewe na mtu huyo ni ile simu uliyopiga.

Sasa lile kubwa. Nimelisikia kwa askari magereza, kwa mahakimu wanaozungumza wakiwa wameshavua joho, na kwa madereva wa malori wa Makambako: hawa hawataki kukaa kwetu, hawajaiba kitu, kwa nini tuwazuie? Serikali haijakosa jibu kwa sababu ya roho mbaya. Shida ni kwamba sheria yetu haimjui mpita njia asiye na karatasi. Inamjua mgeni mwenye viza au kibali. Inamjua mkimbizi anayekuja kukaa. Kijana wa Hosaena, kusini mwa Ethiopia, aliyelala kwenye mahindi yako si huyu wala yule, kwa hiyo kapu pekee lililobaki la kumtia ni la mhalifu.

Tuwaangalie kwanza hawa vijana ni akina nani. Wengi wao wanatoka kusini mwa Ethiopia, maeneo ya Hadiya na Kembata, na Hosaena ndio mji unaotajwa zaidi. Ni nchi ya milima yenye watu wengi na mashamba madogo. Baba mwenye wana watano hana cha kuwagawia. Tangu miaka ya 1990, utawala wa ubaguzi wa rangi ulipoanguka, watu wa huko walianza kwenda Afrika Kusini kufungua vioski na maduka, wakatuma pesa, nyumba za bati na matofali zikaota vijijini, na kila jirani akaona. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilikadiria kwamba wanaume 17,000 hadi 20,000 kutoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika walikuwa wakisafirishwa kimagendo kwenda Afrika Kusini kila mwaka, wengi wao Waethiopia na Wasomali. Makadirio hayo ni ya zamani sasa, lakini njia haijafa.

Safari yenyewe huanzia Moyale, mpakani mwa Ethiopia na Kenya. Mwethiopia mwenye pasipoti haombi viza kuingia Kenya, ila wengi wa vijana hawa pasipoti hawana, kwa hiyo hata Isiolo wanafika kwa kificho. Wakitoka Nairobi wanagawanyika. Wengine wanavuka upande wa Taveta na Holili, wengine upande wa Lungalunga na Horohoro, wengine wanapandishwa mashua pwani ya kusini mwa Kenya na kushushwa usiku Tanga, Pangani au Bagamoyo. Kutoka hapo macho yote ni Mbeya: wavuke Kasumulu kuingia Karonga, Malawi, au Tunduma kuingia Zambia. Wa Malawi hupitia Tete nchini Msumbiji, kisha Zimbabwe, mpaka Beitbridge na Musina, kwenye mpaka wa Zimbabwe na Afrika Kusini.

Handeni yako inaingiaje? Angalia ramani kwa jicho la dereva mwenye mzigo wa watu. Barabara kuu ya Chalinze, Morogoro na Iringa ina mizani, ina vizuizi, ina askari wa usalama barabarani kila baada ya mji. Barabara ya Handeni kupitia Kilindi na Kiberashi mpaka Kibaya, wilayani Kiteto, inakutoa upande wa Dodoma bila kuigusa Chalinze. Ndiyo maana wanatelekezwa kwako. Dereva akisikia kuna doria mbele, anawashusha, anawaambia wasubiri, na harudi.

Kinachowasukuma hawa hakiishii kwenye umaskini, na hili ndilo linalowapotosha wanaodhani kifungo cha miezi sita kitawatisha. Safari hii ni mradi wa ukoo. Ng'ombe wameuzwa, shamba limewekwa rehani, au kaka aliyeko Johannesburg amemlipa dalali nusu ya pesa na nusu nyingine ataitoa pale mdogo wake atakapofika. Kijana akirudi nyumbani mikono mitupu, deni linarudi naye na wadai hawasamehi. Ukipima jela ya Tanga kwa upande mmoja na aibu pamoja na deni kwa upande mwingine, utaelewa kwa nini wapo wanaorudishwa kwao kwa ndege na baada ya muda wanakamatwa tena Mwanga au Kyela.

Huyo ndiye tunayemfikisha kizimbani. Kosa ni kuingia au kuwapo nchini bila kibali. Hukumu unayoisoma magazetini ni ileile: faini ya shilingi laki tano kila mmoja au kwenda jela. Laki tano si pesa ya kutisha kwa mtu ambaye safari yake imegharimu maelfu ya dola, ila dola hizo haziko mfukoni mwake. Ziko kwa dalali wa Nairobi, na zile chache alizoshona kwenye pindo la suruali zilishachukuliwa njiani. Kwa hiyo anakwenda jela. Mkalimani akipatikana ni wa Kiamhari, wakati lugha ya mama ya kijana wa Hosaena ni Kihadiya. Kesi za namna hii huisha upesi, maana mshtakiwa anakiri. Akatae nini, naye hana karatasi?

Halafu inakuja sehemu ambayo watu wengi hawaijui, na kwangu ndiyo inayoumiza zaidi. Kifungo kikiisha, kijana hatoki. Hawezi kuachiwa mtaani kwa sababu bado hana kibali, na dakika atakayovuka geti atakuwa ametenda kosa lilelile. Anatakiwa kuondoshwa nchini. Kuondoshwa kunahitaji ubalozi wa nchi yake uthibitishe kwamba ni mtu wao, umpe hati ya dharura ya kusafiria, na apatikane mtu wa kulipa nauli. Magereza hayana bajeti ya tiketi za ndege. Idara ya Uhamiaji ina fungu dogo. IOM husaidia pale wafadhili wanapotoa pesa, na pesa za wafadhili zina misimu. Basi anabaki gerezani, kifungo kimekwisha lakini anahesabiwa kila asubuhi pamoja na wafungwa.

Tarehe 25 Januari 2021 Rais Magufuli alimpokea Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia kule Chato, akatangaza kuwasamehe Waethiopia 1,789 waliokuwa magerezani kwetu. Wengi walishangilia ukarimu ule. Mimi nilibaki na hiyo namba. Watu 1,789 wa taifa moja, kosa moja, ndani ya magereza yaliyokwisha kufurika wenyeji, na njia ya kuwatoa ikawa ni marais wawili kukutana. Msamaha si sera. Ni dalili kwamba sera imeziba mahali na imehitaji mkono wa juu kabisa kuizibua. Magereza yakajaa tena, kama wewe ulivyoshuhudia kutoka huko shambani.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba kuwafunga ni hasara. Tunapoachana ni kwenye kuwaacha wapite.

Nchi ya kupitia haiwezi kufungua mlango wa nyuma peke yake. Lazima jirani akubali kupokea anayetokea. Panama ilifanya kile unachopendekeza, na ilikifanya kwa miaka. Watu waliotoka kwenye msitu wa Darién, mpakani na Kolombia, wengi wao Wavenezuela, walikuwa wakiandikishwa, wanapandishwa mabasi kwa nauli yao wenyewe, na kuvushwa moja kwa moja hadi mpaka wa Costa Rica. Mwaka 2023 pekee walipita zaidi ya 520,000. Uhalifu haukuisha ndani ya msitu, lakini baada ya msitu hakuna aliyehitaji kujibana kwenye kontena. Mpango huo ulisimama kwa sababu Costa Rica ilikubali kuwa kituo kinachofuata. Na ulianza kuyumba pale Marekani, mwisho wa safari, ilipobana: siku Rais Mulino wa Panama alipoapishwa, tarehe 1 Julai 2024, serikali yake ilisaini makubaliano na Marekani ya kuwarudisha watu makwao kwa ndege.

Kwetu jirani wa kusini ni nani? Malawi inawabana wakimbizi wake ndani ya kambi moja ya Dzaleka, iliyojengwa kwa watu wapatao elfu kumi na leo ina zaidi ya elfu hamsini, na mwaka 2023 iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Msumbiji mwaka 2011 ilikuwa ikiwakamata Wasomali na Waethiopia kule Cabo Delgado na kuwasukuma kurudi ng'ambo ya mto Ruvuma, wengine wakifika upande wa Mtwara wamevuliwa nguo na kupigwa, mpaka shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, likapaza sauti. Fikiria Tanzania ikitoa kikaratasi cha kupita, siku kumi, ufike Kasumulu. Malawi ingefunga upande wake, na tungeishia na maelfu ya watu wamekwama Kyela, hawana pa kwenda mbele wala nyuma. Hapo ndipo utakapoona kambi mpya, na kodi zako zitakwenda huko badala ya Magereza.

Mwisho wa njia nako kuna kitendawili. Afrika Kusini kwa muda mrefu ilimpa mwombaji hifadhi ruhusa ya kufanya kazi wakati ombi lake likisubiri, na ombi lilisubiri miaka. Ilikuwa sheria ya kiutu, nami nisingependa ifutwe. Ila ombi hilo huwezi kuliandika ukiwa Hosaena, wala kwenye ubalozi wa Afrika Kusini Addis Ababa. Lazima miguu yako iwe imekanyaga Musina. Haki inayopatikana kwa aliyefika tu ni tangazo la biashara kwa anayeuza usafiri wa kufika. Pretoria ilipoliona hilo haikufungua dirisha la kuombea ukiwa mbali. Ilipunguza siku za kibali cha kwenda kuandikisha ombi kutoka 14 hadi 5, na mwaka 2023 ikazindua mamlaka mpya ya kusimamia mipaka. Vijana bado wanakwenda, licha ya kwamba Mei 2008 watu 62 waliuawa kule katika ghasia dhidi ya wageni, na ghasia zikarudi 2015 na 2019.

Kuna njia ya tatu, ambayo wanasiasa huipenda: kubana zaidi. Niger iliijaribu kabla yetu na matokeo yake yanasomeka. Mpaka mwaka 2015, mji wa Agadez ulikuwa ukituma magari ya wasafiri jangwani kuelekea Libya kila Jumatatu, hadharani, yakifuatana na msafara wa jeshi. Abiria wengi walikuwa raia wa nchi za Afrika Magharibi, wenye haki ya kuingia Niger bila viza. Umoja wa Ulaya ukaahidi mafungu ya maendeleo, na tarehe 26 Mei 2015 ikapitishwa sheria namba 2015-036, iliyomfanya dereva na mwenye nyumba ya kulala wageni kuwa wahalifu. Utekelezaji ulipoanza kwa nguvu mwaka 2016, magari yalikamatwa, watu wakafungwa. Safari zilipungua kwa kiasi kinachoonekana. Waliobaki wakahama barabara yenye visima na kupita kusikokuwa na kisima wala doria, gari likiharibika hakuna anayepita kuwaokota. Agadez, mji uliokuwa unaishi kwa kazi hiyo, ukabaki na vijana wasio na ajira na ahadi za miradi mbadala iliyowafikia wachache. Novemba 2023 watawala wa kijeshi waliifuta sheria ile. Waliifuta kwa hasira za kisiasa dhidi ya Ulaya kuliko kwa huruma, lakini Agadez walishangilia.

Sisi hatukuhitaji kwenda Niger kujifunza hili. Mwishoni mwa Juni 2012, kijijini Chitego, wilaya ya Kongwa, inayopakana na Kiteto, zilikutwa maiti za Waethiopia zaidi ya 40. Walikosa hewa ndani ya lori. Dereva alipogundua, aliwashusha wafu na makumi ya waliokuwa hai porini, akaondoka. Ni njia hiyohiyo ya pembeni niliyokueleza. Machi 2020, kule Tete nchini Msumbiji, kontena lililotoka Malawi lilisimamishwa kwenye mzani likakutwa na maiti 64, wazima 14. Oktoba 2022 kaburi la pamoja lilifukuliwa Mzimba, kaskazini mwa Malawi. Desemba mwaka huohuo miili 27 ilikutwa imetupwa kando ya barabara eneo la Ngwerere, Lusaka. Sitasema kizuizi cha barabarani ndicho kilichowaua. Waliowaua ni watu wenye tamaa waliopakia binadamu mahali pa saruji. Lakini msafirishaji hafungi turubai kwa kupenda. Anafunga kwa sababu ya mzani ulioko mbele, na kila tunapoongeza ukaguzi bila kubadili kitu kingine, turubai linafungwa zaidi na bei inapanda.

Nirudi kwenye kapu la mhalifu, maana ndani yake kuna watu ambao hawakupaswa kuwamo hata kwa sheria tuliyo nayo. Si kila aliyejificha kwenye shamba lako anafuata kioski cha Johannesburg. Mwaka 2016 Ethiopia ilikuwa chini ya hali ya hatari baada ya maandamano ya jimbo la Oromia. Kuanzia Novemba 2020 hadi mapatano ya Pretoria ya Novemba 2022, jimbo la Tigray lilikuwa vitani. Aliyekimbia hayo hupanda lori lilelile na dalali yuleyule, kwa sababu njia ni moja. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1964. Mkataba huo unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu ameingia bila karatasi, mradi amejitokeza mapema kwa mamlaka na kueleza sababu. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa anayetafuta hifadhi siku saba kuripoti kwa ofisa aliyeidhinishwa au, sikiliza vizuri Mwenyekiti, kwa mtendaji wa kijiji.

Kwenye karatasi, basi, ofisi ya mtendaji wako ni mlango wa hifadhi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia. Mitambo yetu yote ya wakimbizi imekaa magharibi: kambi za Nyarugusu na Nduta zilijengwa Kigoma, na huko ndiko waliko wahojaji, wakalimani wa Kirundi na mashirika. Ilijengwa kwa watu wanaokuja na ndoo na watoto kutoka Burundi na Kongo. Anayekamatwa Tanga au Mbeya anakutana na askari na mwendesha mashtaka, na swali la kwa nini ulitoka kwenu haliko kwenye fomu.

Cha kushangaza, Handeni yenu si ngeni kwa jambo hili. Wazigua wa Somalia, vizazi vya waliochukuliwa utumwani karne ya 19, walipokimbia vita vya huko walipokelewa Mkuyu, baadaye wakahamishiwa Chogo, wakapewa ardhi na wengi wakapata uraia. Mwaka 2014 Warundi wapatao 162,000 waliokuja tangu 1972 walipewa uraia pia. Tunajua kumpokea anayekaa. Hata kwa huyo upepo umebadilika: Januari 2017 tuliacha kuwatambua Warundi kwa kundi zima, tukarudi kwenye kumhoji mmoja mmoja, na mwaka 2018 tukajitoa kwenye mpango wa kimataifa wa kuwashughulikia wakimbizi kwa pamoja na wenyeji wao.

Kuna kundi jingine linalopotea ndani ya kapu hilohilo. Safari inayoanza kwa hiari inaweza kugeuka njiani. Dalali anawafungia chumbani na kuwapigia ndugu zao simu, lipeni tena au tunamkata sikio. Kuanzia hapo si abiria, ni mateka, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamtaka atendewe kama mwathirika. Lakini ofisa aliyewakuta 40 kwenye nyumba moja ataona wahamiaji haramu 40. Kumgundua mwathirika kunahitaji mahojiano ya faragha na mtu anayejua lugha yake. Kumfungulia mashtaka kunahitaji ukurasa mmoja.

Ukiniuliza ningefanya nini, ningeanza na hesabu ya pesa, kwa sababu huruma haina fungu la bajeti. Hawa vijana mwisho wa yote tunawarudisha kwao. Tunawarudisha baada ya mwaka, miwili, mitatu, tumeshawalisha, tumewatibu kifua kikuu na upele, tumewaminya wafungwa wetu walale ubavu. Kwa nini tusiwarudishe wiki ya tatu? Mshtakiwe dereva, dalali na mwenye nyumba. Abiria ahojiwe siku za mwanzo na ofisa wa Uhamiaji akiwa na ofisa wa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, mkalimani akiwa kwenye simu kama hayupo chumbani. Anayedai hifadhi atengwe. Mtoto atengwe, na ninaposema mtoto namaanisha yule wa miaka 16 anayeandikwa 19 kwa sababu ana kimo. Wanaobaki, ubalozi uwatambue kwa makubaliano yenye siku za ukomo, warudishwe. Gharama ya tiketi tutailipa vyovyote iwavyo. Kifungo tunakiongeza juu yake.

Maofisa wa Uhamiaji wananipinga hapa, na hoja yao ina uzito: ukiondoa jela, umewapa tiketi ya bure ya kurudi na kujaribu tena, na madalali watatangaza Tanzania kuwa njia laini. Inawezekana baadhi watajaribu tena. Ila wanajaribu tena hata sasa, baada ya jela. Na dalali hajali abiria wake akifungwa, kwa kuwa nusu ya kwanza ameshaila. Angejali kama angefuatwa yeye. Tumekuwa hodari wa kumfunga bodaboda aliyelipwa elfu hamsini kuwavusha watu watatu, huku pesa kubwa ikizunguka kwa hawala, yaani kutumiana pesa bila benki, kati ya Nairobi, Addis Ababa na Johannesburg bila polisi wa nchi hizo kukaa meza moja na wetu kuifuatilia.

Na lipo lisilo mikononi mwetu. Ethiopia na Afrika Kusini wangekubaliana hata idadi ndogo ya vibali vya kazi kwa mwaka, biashara ya madalali ingepata mshindani kwa mara ya kwanza. Sioni dalili za hilo. Siasa za Afrika Kusini zimeelemea kwingine.

Basi, mpaka sheria ibadilike, unabaki wewe na mtendaji wako. Mkiwakuta, waweke kivulini, maji kidogo kidogo kwa aliyekaa siku nyingi bila kunywa, na waliozimia wawahishwe zahanati kabla ya kituo cha polisi. Wazuie vijana wa kitongoji wasiwapige wala kuwapekua. Anayewaibia mgeni aliyekamatwa ni mwizi wa kawaida. Usikubali wapakiwe kwenye pikipiki ya mtu binafsi kusogezwa mbele, hata kama mwenye pikipiki anadai anawapeleka polisi. Angalia kama kuna watoto, na kama kuna wanawake wasiandikwe wala kulazwa pamoja na wanaume. Waulize, kwa ishara au kwa simu ya yeyote anayejua Kiamhari au Kioromo, kama kuna anayeogopa kurudi kwao. Akijitokeza hata mmoja, mtendaji aandike kwenye daftari la ofisi jina lake, tarehe, saa na maneno yake, wote wawili msaini na mgonge mhuri, nakala ikabidhiwe kwa polisi pamoja na mhusika. Zile siku saba za kisheria zinahesabiwa tangu alipoingia nchini, na daftari hilo linaweza kuwa karatasi pekee atakayokuwa nayo mbele ya hakimu kuonyesha kwamba alisema.